Kabla hujafungua chupa: mwongozo kamili wa kushika kemikali hatari kwenye maabara ya utafiti chuoni

Nianze na chupa ya taka niliyoikuta asubuhi moja ndani ya fyumu hudi, lile kabati lenye kioo cha kupandisha na kushusha na feni inayovuta hewa. Chupa ya plastiki ya lita nne, haina lebo, kifuniko kimekazwa kweli kweli, tumbo limevimba kama mpira, na pembeni ya kifuniko kunatoka kasauti kadogo ka ssss pamoja na mvuke wa kahawia. Mtu alikuwa amemimina mabaki ya asidi nitriki juu ya mabaki ya ethanoli, akafunga vizuri akijua anafanya usafi, akaenda zake nyumbani. Nilishusha kioo mpaka chini, nikatoka, nikafunga mlango, nikasimama pale nje namzuia kila anayekuja, na kama dakika kumi hivi baadaye tukasikia mlio. Hakuna aliyeumia, ila kioo cha hudi kilipasuka na kuta zote za ndani zilikuwa zinachuruzika asidi.

Aliyefanya vile ni mtu makini, anavaa koti na miwani kila siku, hajawahi kuonekana maabara na ndala. Ndo maana siku zote nawaambia wadogo zangu wanaoingia kwenye utafiti kwamba usalama wa kemikali unaamuliwa kabla chupa haijafunguliwa. Ukishafungua ukamimina, kilichobaki ni mikono yako, na mkono wa binadamu unateleza. Kwa hiyo hatua nyingi humu ni za kabla ya kazi, na naomba usiziruke ukakimbilia kwenye glavu.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya usalama, ila ujue pa kusoma

Kila kemikali hatari inayouzwa inatakiwa iwe na SDS, yaani karatasi ya taarifa za usalama, na karatasi hiyo ina vipengele 16 vinavyofuata mpangilio uleule kokote uendako, kwa sababu ya GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo. Tatizo ni kwamba watu wanaidaunilodi, wanaitupa kwenye folda, kazi imeisha. Na mimi naelewa, kurasa kumi na kitu za maandishi madogo zinachosha. Basi anza na kipengele cha 2 kinachotaja hatari zenyewe, ruka mpaka cha 10 kinachosema isikutane na nini, nenda cha 8 cha kinga, afu cha 4 huduma ya kwanza, cha 6 ikimwagika, na cha 13 taka zake. Dakika kumi zinatosha.

Angalizo moja muhimu sana kuhusu namba. Kwenye GHS daraja la 1 ndo baya kuliko yote, namba ikipanda hatari inashuka. Lakini ile alama ya pembe nne yenye rangi nyekundu, bluu, njano na nyeupe unayoikuta kwenye baadhi ya chupa na milango inaenda kinyume chake, 0 ni salama na 4 ndo hatari kubwa. Nimeshamsikia mtu anasema "hii sumu ni daraja la kwanza tu" kwa sauti ya kujipa moyo, na alichokuwa ameshika kilikuwa cha kuogopwa kuliko vyote kwenye kabati lile.

Ukimaliza kusoma chukua karatasi, andika kwa mkono wako majibu ya maswali manne: hii kitu inaingiaje mwilini (pumzi, ngozi, mdomo, sindano)? Ikikutana na nini inawaka au inalipuka? Ikimwagika sasa hivi nafanya nini cha kwanza? Taka yake inaenda chupa gani? Bandika hiyo karatasi kwenye kioo cha hudi unayofanyia kazi. Kama kuna swali umeshindwa kulijibu, hujawa tayari kufungua chupa, nenda kamuulize teknisheni au supavaiza, hakuna aibu hapo.

Hatua ya 2: Jiulize kama lazima iwe hiyo, na lazima iwe nyingi hivyo

Mara nyingi ipo mbadala. Toluini inafanya kazi nyingi za benzini bila ile hatari ya saratani ya damu, na heptani inachukua nafasi ya heksani ambayo ukiipumua kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu. Huwezi kubadilisha kila kitu, sawa, lakini protokali ya miaka 30 iliyopita siyo msahafu.

Kiasi sasa. Januari 2010 pale chuo kikuu cha Texas Tech, Marekani, wanafunzi wawili walikuwa wanatengeneza kemikali inayolipuka, nikeli haidrazini pakloreti, na kwenye kundi lao la utafiti kikomo kilikuwa miligramu 100. Wakaona watengeneze ya kutosha mara moja ili wasirudie rudie, wakafika kama gramu 10, yaani mara 100 ya kikomo. Mmoja wao alipokuwa anaisaga kwenye kinu ikalipuka, akapoteza vidole vitatu. Kilichowaponza ni wazo ambalo kila mtu wa maabara analo, kwamba nikitengeneza nyingi leo nitapumzika wiki nzima.

Na hata kwa vitu visivyolipuka, kuongeza kiasi kunabadilisha tabia ya riakisheni yenyewe. Ukiongeza ujazo mara 10, eneo la nje la chombo linaloachia joto linaongezeka kama mara 4 na nusu tu, kwa hiyo joto lililokuwa linatoka lenyewe kwenye flaski ya mililita 50 linabaki ndani kwenye flaski ya nusu lita, joto linaharakisha riakisheni, riakisheni inaongeza joto, na ukija kushtuka inachemka mpaka darini. Panda kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa hatua, na kila hatua weka kipimajoto ndani.

Hatua ya 3: Mwili wako, kuanzia nguo mpaka glavu

Nguo kwanza. Suruali ndefu, viatu vilivyofunika mguu wote, nywele zimefungwa, mtandio umechomekwa ndani ya koti, na koti la pamba. Nasisitiza pamba kwa sababu nguo za nailoni na poliesta zikishika moto zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Tarehe 29 Desemba 2008, msaidizi wa utafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, aliyeitwa Sheri Sangji, umri miaka 23, alikuwa anavuta tert-butili lithiamu kwa sirinji ya plastiki, ile kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa, na kijiti cha kusukumia cha sirinji kikachomoka, moto ukamshika. Alikuwa amevaa sweta ya sintetiki, hana koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Kila nikiona mtu ametundika koti kwenye kiti anasema "nafanya kitu cha dakika mbili tu" namkumbuka huyu binti, kwa sababu moto ule nao haukuchukua hata dakika mbili.

Macho: miwani ya kusomea haitoshi, miwani ya usalama yenye mbavu za pembeni inazuia vipande vinavyoruka, ila kwa vimiminika vinavyoweza kukurukia unahitaji ile inayobana uso mzima kuzunguka macho. Kwa kitu kinachoweza kulipuka ongeza ngao ya uso juu ya miwani, wala usivae ngao peke yake.

Glavu ndo nataka nikae nazo kidogo maana hapa ndo kuna imani nyingi za uongo. Agosti 1996 profesa Karen Wetterhahn wa chuo cha Dartmouth, bingwa kabisa wa sumu za metali, alikuwa anahamisha daimethili zebaki ndani ya fyumu hudi, amevaa glavu za mpira wa latex, tone moja au mawili yakadondokea kwenye glavu. Alizivua, akaosha mikono, akaendelea na maisha. Miezi kama mitano baadaye akaanza kupepesuka na kushindwa kuongea vizuri, na Juni 1997 akafariki. Walipokuja kupima glavu za aina ileile ikaonekana kemikali ile inapenya latex ndani ya sekunde 15 au pungufu. Kwa sheria za wakati ule alifanya kila kitu sawasawa. Glavu ndo haikuwa yake.

Hakuna glavu ya kila kitu. Zile za bluu za nitrili ambazo kila maabara inazo ni nzuri kwa maji ya chumvi, asidi zilizozimuliwa, ethanoli ya kufutia meza, lakini daikloromethani inazipenya kwa dakika chache tu, nyembamba zaidi hazifikishi hata dakika, na asetoni nayo haichelewi. Zitazame kama kinga ya kurushiwa tone, yaani tone likidondoka unavua hapohapo, unanawa, unavaa nyingine. Kama mkono utazama au utalowana kweli, tafuta chati ya kampuni iliyotengeneza glavu hiyo, angalia kemikali yako na muda wa kupenya. Kwenye SDS mara nyingi wanaandika "tumia glavu zinazofaa" wakaishia hapo, na hiyo haikusaidii chochote. Kwa vitu vikali sana huwa tunavaa mbili, ya ndani ya plastiki ya tabaka tabaka na ya juu nzito. Halafu DMSO, kimiminika cha kuyeyushia kemikali, ikutoe usingizini hiyo, yenyewe haina ukali ila inabeba chochote kilichoyeyuka ndani yake ikaingia nacho kwenye ngozi.

Kuvua: shika kifundo cha glavu ya kwanza kwa nje, igeuze ndani nje, ibaki kwenye kiganja chenye glavu, afu ingiza kidole kisicho na glavu chini ya ya pili uigeuze iimeze ile ya kwanza. Na ukiwa umevaa glavu usiguse kitasa, simu, kibodi wala uso wako. Unayeacha fenoli kwenye kitasa hujiumizi wewe, unamuumiza msafishaji anayekuja jioni hana habari.

Hatua ya 4: Fyumu hudi

Hapa nitapita haraka, mambo yenyewe ni machache ila hayafuatwi. Fanyia kazi angalau sentimita 15 ndani kutoka ukingo wa mbele, kioo kiwe chini ya kidevu chako kadiri inavyowezekana, kichwa kisiingie ndani hata kama kitu kimeangukia nyuma. Kabla ya kuanza bandika kipande cha tishu kwenye ukingo wa kioo, kikivutwa kwenda ndani feni inafanya kazi, ingawa kipimo halisi ni kasi ya hewa karibu mita 0.5 kwa sekunde na mtu wa matengenezo apime kila mwaka. Usiigeuze stoo, chupa 20 zilizojazana nyuma zinaziba njia ya hewa na mvuke unarudi kwako. Mtu akipita nyuma yako kwa kasi anavuta mvuke nje pia, kwa hiyo hudi iliyo karibu na mlango usiipe kazi mbaya. Na kwa asidi pakloriki ya kuchemsha, hudi ya kawaida hapana kabisa, mvuke wake unaganda kwenye mabomba na kutengeneza chumvi zinazolipuka, kuna hudi maalumu inayojiosha kwa maji.

Hatua ya 5: Kubeba, kupima, kumimina

Chupa ya glasi haibebwi kwa shingo, wala mbili mkono huu na mbili mkono ule. Weka ndani ya ndoo ya plastiki yenye mpini, ikipasuka imepasukia kwenye ndoo.

Asidi inaingia kwenye maji, taratibu, huku unakoroga na chombo kimekaa kwenye barafu. Sote tulikaririshwa hili sekondari ila sababu wachache wanaikumbuka: asidi salfuriki ya kiwandani ina uzito wa karibu gramu 1.84 kwa mililita, karibu mara mbili ya maji, na ikikutana na maji inatoa joto kali mno. Ukimimina maji juu ya asidi yanabaki juu juu kama tabaka, yanachemka palepale na kurusha asidi usoni. Asidi ikiingia kwenye maji inazama, joto linasambaa kwenye maji mengi.

Poda zenye sumu, kama akrilamaidi, usizipimie kwenye mizani iliyo wazi na feni ya dari inazunguka. Njia ninayoipenda: pima chupa tupu yenye kifuniko, ingiza poda ndani ya hudi, funga, rudi kwenye mizani upime tena. Bora zaidi nunua iliyoyeyushwa tayari. Kuvuta pipeti kwa mdomo sidhani kama nahitaji kusema, lakini nimeona, kwa hiyo nasema: usivute.

Solventi zinazowaka (vimiminika vya kuyeyushia) weka mbali na chochote chenye cheche. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, unatambaa juu ya meza kama maji yanayotafuta bonde, ukafika kwenye hita mita kadhaa huko, na moto unarudi ukifuata njia ileile mpaka kwenye chupa yako. Etha inatoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye nyuzi −45 za selsiasi, asetoni kama −20. Ndo maana friji ya nyumbani haifai kuhifadhi hivi vitu, ubaridi wa nyuzi 4 haumaanishi chochote kwa etha na ndani ya friji kuna thermostati na taa zinazotoa cheche. Kama unahitaji baridi, iwe friji iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyowaka.

Hatua ya 6: Zile chache zinazotaka heshima ya peke yake

Asidi haidrofloriki, HF. Inaonekana kama maji, inakula glasi kwa hiyo inakaa kwenye plastiki, na ikiwa imezimuliwa inaweza isiume kabisa pale inapokugusa, maumivu yanakuja masaa kadhaa baadaye wakati floraidi imeshazama ndani inanyonya kalsiamu ya mwili, na moyo unahitaji kalsiamu ili upige. Eneo dogo tu la ngozi lililopata HF kali linaweza kuua. Sharti langu ni hili, jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 iwepo mezani, haijaisha muda, na kila mtu ndani ya chumba ajue ilipo, ndipo chupa ifunguliwe. Hakuna jeli, hakuna HF siku hiyo. Na usifanye peke yako hata siku moja.

Etha, THF, dioksani, na mbaya kuliko zote isopropili etha: solventi hizi zikikaa na hewa zinatengeneza peroksaidi, ambazo zikikauka zinalipuka kwa kusuguliwa tu. Kwa hiyo tarehe ya kufungua iandikwe kwenye chupa siku uliyofungua, kwa kalamu isiyofutika. Mi natupa isopropili etha baada ya miezi 3, etha na THF miezi 6, na kabla ya kuchemsha au kukausha yoyote napima kwa vijikaratasi vya peroksaidi. Usiichemshe mpaka ikauke kabisa, acha mabaki chini. Ukikuta chupa ya zamani ina fuwele kwenye mdomo au chini ya kimiminika, mikono juu, usifungue, usitikise, usiisogeze hata kwenda kwenye hudi. Toka na uite watu wa usalama wa chuo. Asidi pikriki iliyokauka nayo hivyohivyo.

Sodiamu azaidi ipo kwenye maabara nyingi za baiolojia kama kihifadhi, watu wanaichukulia kirahisi. Sumu yake inafanya kazi kama ya sianaidi. Ikimwagwa kwenye sinki inakutana na risasi na shaba ya mabomba inatengeneza azaidi za metali zinazolipuka, na fundi bomba ndo anayekuja kuzikuta na spana yake. Ikikutana na asidi inatoa gesi yenye sumu. Ikikaa na daikloromethani inatengeneza kitu kinacholipuka. Tumia kijiko cha plastiki kuichotea, siyo cha chuma.

Piranha, ule mchanganyiko wa asidi salfuriki na haidrojeni peroksaidi wa kusafishia glasi na silikoni: peroksaidi ndo inaingia kwenye asidi taratibu, inachemka yenyewe, vyombo viwe havina asetoni wala mabaki ya ogani (kemikali zenye kaboni) hata kidogo, tengeneza kidogo cha kutumia siku hiyo, na usiifunge kifuniko hata ikishapoa. Mara nyingi sabuni nzuri na maji yaliyochujwa vinatosha, jaribu hivyo kwanza.

Fenoli inaunguza na kutia ganzi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ngozi inageuka nyeupe nawe husikii kitu. Kwenye benchi la fenoli kaa na chupa ya PEG (polithilini glaikoli) 300 au 400 ya kufutia, inaiyeyusha vizuri kuliko maji, na kama haipo maji mengi sana yanayotiririka.

Zinazowaka zenyewe kwenye hewa, kama ile ya Sangji: fanyia kazi ndani ya gesi kavu ya naitrojeni au agoni, sirinji ya glasi yenye ujazo mara mbili ya unachovuta, au kanula (mrija mwembamba wa kuhamishia kimiminika) kama kiasi ni kikubwa, na mchanga mkavu mkononi mwa mwenzako aliyesimama pembeni. Mara ya kwanza fanya na solventi tupu kama mazoezi, mpaka mikono izoee.

Naitrojeni ya maji, nyuzi −196, watu wanaogopa kuungua kwa baridi, ila kinachoua zaidi ni kukosa hewa. Lita moja inakuwa kama lita 700 za gesi, isiyo na harufu, inayosukuma oksijeni nje, na mtu anaanguka bila kuhisi chochote. Chumba kidogo kisicho na madirisha kiwe na kipima oksijeni. Kwenye lifti chombo kinapanda peke yake, mtu mmoja anakituma akiwa chini na mwingine anakipokea juu.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Kupanga kwa alfabeti kunapendeza macho na ni hatari, maana jirani wa alfabeti anaweza kuwa adui wa kikemia. Panga kwa hatari kwanza: vinavyowaka peke yao kwenye kabati la chuma, vioksidishaji (vinavyochochea moto) peke yao, asidi mbali na besi, sianaidi mbali kabisa na asidi, vinavyochukia maji mahali pakavu. Ndani ya kundi moja ndo upange A mpaka Z ukitaka.

Mtego unaonasa wengi ni asidi asetiki. Jina lake asidi, kwa hiyo mtu anaiweka pamoja na nitriki, kumbe yenyewe ni ya ogani na inawaka, na nitriki ni kioksidishaji kikali. Tenganisha hizo mbili leo kabla hujaendelea na shughuli nyingine. Vimiminika vyote vikae chini ya usawa wa macho, ndani ya trei zenye kuta. Silinda za gesi zifungwe mnyororo ukutani, zinaweza kuwa na presha ya bar 150 hadi 200 na vali ikivunjika silinda inaruka kama roketi. Reguleta ya oksijeni haipakwi mafuta ya aina yoyote.

Hatua ya 8: Taka

Narudi kwenye chupa yangu ya mwanzo. Ilikosa vitu vitatu: lebo, utengano, na nafasi ya kupumua.

Lebo inabandikwa kabla ya tone la kwanza, majina kamili ya kemikali kwa lugha inayosomeka na wote, siyo fomula wala vifupisho vya kundi lenu, na makadirio ya kila moja, na tarehe, na jina la mwenye nayo. Kila anayeongeza kitu anaandika. Asidi nitriki inakaa na chupa yake peke yake, haichangii na chochote cha ogani, hata chupa iliyowahi kuwa na ethanoli haitumiki mpaka ioshwe mara tatu. Solventi zenye klorini mbali na zisizo na klorini. Asetoni na klorofomu zikikutana na besi zinapata joto kali, kwa hiyo usiseme "zote ni solventi". Bleach haikutani na asidi wala amonia, inatoa gesi za sumu zenye klorini. Usijaze zaidi ya asilimia 80 hivi, na vile vinavyotoa gesi tumia kifuniko chenye tundu la kupumulia. Ukiwa na shaka kama viwili vinaelewana, chukua chupa mpya. Chupa mpya ni kitu kidogo sana.

Hatua ya 9: Likitokea

Macho: bomba la kuoshea macho, dakika 15 kamili kwa kutazama saa, kope zimeshikwa wazi kwa vidole, jicho lizungushwe. Dakika 15 ni ndefu mno ukiwa na maumivu, kwa hiyo mwenzako akushike na akuhesabie. Bomba lenyewe lifunguliwe kila wiki, kwa sababu lisipofunguliwa siku ya siku linatoa kutu. Unatakiwa ulifikie ndani ya sekunde 10 hivi ukiwa huoni, basi jaribu siku moja umefumba macho, uone kama kuna masanduku njiani.

Mwili: shawa ya dharura, na nguo zivuliwe zote palepale chini ya maji. Aibu imewaunguza watu wengi. Wenzako wageuke, washike koti kama pazia, maji yaendelee. Usijaribu kuua nguvu ya asidi kwa besi juu ya ngozi, ni maji tu. Kwa HF osha dakika 5 kisha jeli ipakwe na kusuguliwa mfululizo, huku gari likitafutwa. Hospitali mpeleke na SDS iliyochapishwa mkononi, daktari wa zamu hawezi kujua kemikali zote za dunia.

Kumwagika: ambia watu kwa sauti, zima vyanzo vya cheche kama ni kinachowaka, afu jiulize kama unaweza kukisafisha kwa vifaa vilivyopo na kinga uliyovaa. Kama jibu linasitasita, toka wote na ufunge mlango. Asidi kidogo iliyomwagika unaizungushia sodiamu baikaboneti kuanzia pembeni kuelekea katikati. Moto mdogo kwenye bika unafunikwa kwa kisahani cha glasi ukafa. Moto wa sodiamu au lithiamu ni mchanga mkavu au kizimamoto cha daraja D, maji na CO₂ vinauchochea.

Baadaye andikeni taarifa, hata kama hakuna aliyeumia. Aliyesababisha asigombezwe mbele ya watu, maana akigombezwa leo, kesho mwingine atamwaga kitu na kukifunika kwa karatasi akanyamaza.

Hatua ya 10: Usiku, na siku ya kuondoka

Kazi za hatari hazifanyiki peke yako wala usiku wa manane umechoka. Kama riakisheni lazima ilale ikiendelea, acha karatasi mlangoni: nini kinaendelea, kimo ndani ya nini, joto kiasi gani, namba yako ya simu, na cha kufanya maji ya kupoozea yakikatika. Mabomba ya maji hayo yafungwe kwa klipu za chuma.

Na ukimaliza shahada, wiki mbili kabla ya kuondoka pita kwenye kila kabati, friji na droo na mtu mmoja wa kundi lenu atakayebaki, chupa kwa chupa. Yenye kazi mkabidhi kwa jina na saini, isiyo na kazi iende taka, na zile flaski zako ndogo zilizoandikwa "sampo 3B" zipewe majina yao kamili wakati bado unayakumbuka, kwa sababu mwaka kesho kuna mtu atazikuta nyuma ya friji, na hatakuwa na namba yako.